Ramli imo kwenye "uta-"

Pakiti ikifunguliwa hutoka kijitabu na kadi nene za rangi, mara nyingi 44, pembe zimekatwa mviringo. Mama wa miaka 48, wa Tabata au Mikocheni, huvuta moja asubuhi kabla hajashika simu, huisoma, hunywa chai akiwa nayo mkononi, basi siku imeanza. Wauzaji huziita kadi za orako, yaani oracle kwa Kiingereza, kadi za kuvuta ili kupata ujumbe. Jirani akipita akaziona mezani ana jina lake, wala hahitaji kijitabu: ramli.

Hapo ndipo ubishi unapozuka. Upande mmoja unasema ni ushirikina uliovishwa gauni la kizungu. Wa pili unasema ni makaratasi tu, mtu anajitafakari, anamdhuru nani? Mwenye kadi anasemwa kuliko anavyostahili, ingawa na yeye hujitetea vibaya. "Ni makaratasi tu" si jibu. Hirizi nayo ni karatasi.

Tumsikilize jirani kwanza, maana hasemi ovyo. Anaishi katika jiji ambalo nguzo za umeme zimebandikwa namba za waganga wa mvuto wa mapenzi na mali zilizopotea, na ambalo utabiri wa marehemu Sheikh Yahya Hussein, mpaka alipofariki 2011, ulikuwa habari ya magazetini. Anaijua ramli chonganishi: mtu anakwenda kuulizia ugonjwa wa mjukuu, anarudi na jina la shangazi. Januari 2015 serikali ilitangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli kwa sababu ya mauaji ya watu wenye ualbino, kwa hiyo neno hili kwake si utani. Akiwa Mwislamu anaikumbuka aya ya 90 ya Surat al-Maida, inayoitaja mishale ya kupigia ramli pamoja na ulevi na kamari. Akiwa Mkristo, Kumbukumbu la Torati sura ya 18. Hoja yake nzito zaidi lakini inahusu keshokutwa: anayevuta kadi Jumatatu ili ajitafakari, Ijumaa atavuta ili ajue mume yuko wapi. Mafakihi, wanasheria wa Kiislamu, wana jina la kuziba njia ya namna hiyo mapema, sadd adh-dharai, na huo si woga wa kipuuzi.

Hata hivyo, ramli ni nini hasa? Neno lenyewe kwa Kiarabu ni mchanga. Mpiga ramli hupata safu nne za vitone, kila safu ikibaki na kitone kimoja au viwili, na kwa kuwa mbili mara mbili mara mbili mara mbili ni 16, sura zake ni 16, hazizidi. Hesabu hiyo haina kosa. Kosa, kwa wanaoliona, linaanza pale mchanga unapoulizwa mwizi ni nani, na mchanga ukajibu. Ramli ni kudai habari za ghaibu. Kifaa kinaweza kuwa chochote.

Kadi zenyewe zilianza bila dai hilo. Tarot, bibi wa kadi hizi zote, yenye kadi 78, ilikuwa mchezo wa kaskazini mwa Italia katika karne ya 15. Kuitumia kupigia ramli kulikuja kuvuma Ufaransa mwishoni mwa karne ya 18, zaidi ya miaka 300 baadaye. Makundi yake manne ni vikombe, panga, sarafu za dhahabu na fimbo. Wareno walikuwa na karata za makundi hayo hayo wakiyaita copas, espadas, ouros na paus, na Waswahili tukabaki na kopa, shupaza, uru na pau. Wazee wanayapiga mezani majina hayo kila jioni pale barazani, na hajatokea wa kuwaita wapiga ramli.

Sasa tuje kwenye kitenzi. Chukua kijitabu cha dukani ukisome kama mwalimu wa sarufi. Utakutana na kauli za aina ya "Utapata ulichokingoja muda mrefu" au "Mlango uliofungwa utafunguka". Ile -ta- inafanya kazi ya mchanga: inatangaza kesho. Kadi nyingine haina -ta- ila ina ndugu yake, kauli ya kukusifu: "Unayo nguvu ambayo wengine hawajaiona." Nani ataikataa hiyo?

Mwaka 1948 mwanasaikolojia wa Marekani, Bertram Forer, aliwapa wanafunzi wake 39 jaribio la kupima tabia, kisha akamkabidhi kila mmoja karatasi ya matokeo "yake". Akawataka waipe alama, kuanzia 0 hadi 5, kwa jinsi ilivyowaeleza. Wastani ukawa 4.26. Karatasi zote zilikuwa sawa neno kwa neno, na sehemu kubwa alikuwa ameitoa kwenye kitabu cha nyota cha kununuliwa barabarani.

4.26 kati ya 5 ni kama asilimia 85. Wapinzani wa kadi huitaja namba hii, wakakunja mikono kana kwamba kesi imekwisha. Itazame tena. Kwanza, wale walikuwa wanafunzi wa chuo, tena wa somo hilo hilo la saikolojia, kwa hiyo mama anayeona kadi imemgusa hajawazidi ujinga. Pili, na hapa ndipo penye uzito, Forer hakupima karatasi wala bahati nasibu. Alipima kauli. Kauli pana ni kama dera, humkaa kila mwili: mnene, mwembamba, mjamzito. Sasa fikiria angewapa wanafunzi wale swali: "Ni deni gani hujamwambia mwenzako?" Alama ya kuipa ingekuwa ipi? Huwezi kusema swali limekupatia kwa 4.26. Swali halikusifu, halikutabirii, linakaa linakungoja, na jibu likija limetoka kwako likiwa na jina, kiasi na tarehe. Kwa hiyo ile asilimia 85 inaipiga kadi inayotangaza peke yake. Kadi inayouliza haimo kwenye jaribio lile, na jirani na mwenye kadi wote wawili hawajaitenga na mwenzake.

Mtu atauliza, kama ni maswali, kadi za nini, si aandike tu kwenye daftari? Kwa sababu ya kuvuta bila kuchagua. Mwambie mtu wa miaka 50 atafakari maisha yake: ataanza na ada ya mtoto na atamaliza na ada ya mtoto. Mawazo yana njia yao waliyoizoea. Kadi iliyotoka kifudifudi humfikisha asikopanga kwenda: kwenye presha aliyopimwa akanyamaza, kwa mama mzee ambaye ndugu hawajakubaliana nani amchukue, kwenye kustaafu, kwa hiari miaka 55 na kwa lazima 60, na kiwanja bado hakijachimbwa msingi. Hakuna umri wenye mambo mengi ya kukwepwa kama makamo.

Pakiti ya namna hiyo hainunuliwi, hutengenezwa, na vifaa vyake vipo duka lolote la steshenari Kariakoo. Chukua manila nne za saizi ya A4, kila moja uigawe tatu kwa tatu. Unapata vipande tisa vya sentimita 7 kwa 9.9, jumla 36. Andika maswali sita kwa kila moja ya mambo sita: mwili, fedha, watoto, wazazi na ndugu, ndoa au upweke, kazi na kustaafu. Tumia kalamu ya kawaida, si maka peni. Maka peni hupenya hadi upande wa pili, na baada ya wiki mbili mkono unazijua kadi kwa migongo yao na unaanza kuikwepa ile ya fedha bila hata kukusudia. Hewa ya bahari huzipinda. Zifunge kwa raba na uzilaze chini ya kitabu kizito. Ukizipiga laminesheni zitadumu, ila kata pembe ziwe mviringo, la sivyo zinachoma vidole.

Maswali yenyewe usiyatoe mbali. Kadi za kuagizwa zina mbwa mwitu, theluji na miungu ya kike ya Ulaya, vitu visivyomgusa mtu anayegombea daladala ya Mbagala. Kanga zimejaa mali. Ila usiinakili methali ilivyo, kwa sababu nayo ina "uta-" wake: "Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako". Igeuze iulize. "Mtaka cha mvunguni sharti ainame" inakuwa: cha mvunguni ni kipi, na unaona haya kuinama mbele ya nani? "Mwenye kovu usidhani kapoa": kovu gani watu wanadhani limepoa? "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi": koleo lilivunjika lini, na ni uhunzi gani umeuacha tangu hapo? Swali la ndiyo au hapana tupa. "Je, nina furaha?" halifiki popote. Lenye "gani", "nani", "kiasi gani" au "tangu lini" ndilo lenye meno.

Kuchanga kwa kuchomoa fungu na kulipachika juu, kama wafanyavyo wengi barazani, hakutoshi. Kadi zilizokaa pamoja hubaki jirani. Zimwage kifudifudi kwenye mkeka, vuruga kwa mikono miwili kama dakika nzima, vuta moja. Andika mistari mitatu: kilichokujia kwanza hata kama ni cha kipuuzi, jina, kiasi au tarehe inayohusika, na kitu kimoja kinachoweza kufanyika kabla ya Magharibi. Dakika kumi. Rudisha kadi.

Zinapoharibika huharibika kwa njia zinazojulikana. Kubwa ni kuvuta tena. Kadi imeuma, mkono unaifuata ya pili, kisha ya tatu, mpaka ipatikane ya kumpa mtu ruhusa aliyokuwa akiitafuta; hapo ramli imeshaingia kwa mlango wa uani, na hofu ya jirani ilikuwa ya kweli. Nyingine ni ile ya "hii kadi inanifuata". Haikufuati. Kwa kadi 36, ukirudisha kila siku, kufikia siku ya 8 uwezekano wa kuwa walau kadi moja, yoyote ile, imeshatoka mara mbili ni asilimia 57 hivi, na mwezi ukiisha bila kadi yoyote kujirudia ndiyo ingekuwa ajabu. Ya tatu ni kumuulizia asiyekuwepo. Hapa sarufi inasaidia tena: kila sentensi ya daftari ianze na "ni-" au "si-", isianze na "a-". "Nimemficha mkopo" inaruhusiwa. "Ananificha kitu" ndiyo mbegu ya ramli chonganishi, hata kama kadi ina picha ya ua.

Na neno "ibada" liachwe mahali pake. Wanaoita kadi ya asubuhi ibada wanajitafutia ugomvi usio wa lazima. Mwenye swala ya alfajiri au sala ya asubuhi aanze nayo. Kadi ni mazoea tu, kama kumwagilia maua. Kwenye uamuzi mzito, Mwislamu anayo istikhara, swala ya kumwomba Mungu mwongozo, na rakaa zake mbili, na manila haiwezi kushindana nayo.

Upande wa jirani unabaki na hoja ambazo kadi ya maswali haizijibu. Ushahidi uliopo ni wa kuandika, si wa kadi. Mwaka 1986 James Pennebaker na Sandra Beall waliwaandikisha wanafunzi mambo yaliyowaumiza, dakika 15 kwa siku nne mfululizo, na utafiti wa namna hiyo ukazaa mwingine mwingi. Mwaka 2006 tafiti 146 zilipojumlishwa, faida ilionekana ipo, lakini ndogo. Anayetarajia mageuzi ya maisha kwa manila nne ajipunguzie.

Mwili nao haungoji tafakuri. Hedhi hukoma kwa wanawake wengi kati ya miaka 45 na 55, pamoja na joto la ghafla na usingizi wa mang'amung'amu, na hayo yanaweza kuandikwa daftarini. Damu ikitoka baada ya miezi 12 bila hedhi, hiyo ni ya daktari wiki hiyo hiyo. Presha ni ya kupimwa, haitafakariwi.

Halafu kuna somo. Mwanamke wa pwani alikuwa naye, mtu mzima mwenziwe wa kumwambia ya ndani, na somo alikuwa na kitu ambacho kadi haina: macho. Ukimdanganya anakutazama mpaka unaanza upya. Kadi hukubali jibu lolote, na mtu anaweza kujidanganya kila asubuhi kwa mwandiko mzuri. Dawa yake ni ya nusu tu: mwisho wa mwezi kulisoma daftari lote kwa mkao mmoja, kuzungushia duara jambo lililojitokeza mara tatu au zaidi chini ya kadi tofauti, na kulipeleka kwa mtu mwenye macho, awe rafiki, daktari, afisa wa mfuko wa pensheni au mume mwenyewe. Kadi inayolihusu zaidi hutolewa kwenye pakiti mpaka lizungumzwe, na kwa muda huo zinazovurugwa mkekani ni 35.