Mnada wa Kimyakimya

Bwana asifiwe, wapendwa. Naandika nikiwa nimevaa soksi jozi tatu, na kidole gumba cha mguu wa kushoto sijakisikia tangu jana. Chanzo ni kitu nilichokinunua kanisani. Nitafika huko, ila niacheni kwanza nilalamike kwa mpangilio wangu.

Mimi ni mtoto wa Dabaga, Kilolo, mkoani Iringa. Siku ya kuagwa kuja kusoma Marekani, mjomba alisimama mbele ya washarika akasema: "Huyu baridi haimtishi, kazaliwa kwenye ukungu." Watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga, mjinga mimi. Nikafika Saint Paul, Minnesota, mwezi wa Agosti, nikakuta jua kali na mbu wa kutosha, nikampigia mjomba: hawa watu wanajisifia baridi bure tu.

Ikaja Novemba. Asubuhi moja nikachungulia simu, imeandika nyuzi 20. Nikasema, aa, hiyo si Iringa kabisa? Nikatoka na sweta na kandambili. Hakuna aliyeniambia kwamba Wamarekani wana nyuzi zao, za Farenihaiti, na hiyo 20 yao kwetu ni kama 7 chini ya sifuri. Nilipofika kwenye kona, vinyweleo vya puani vilikuwa vimesimama kama miiba ya nungunungu. Na wenyeji wananipita wanasema leo kuna afadhali. Januari ilishuka mpaka 28 chini ya sifuri, kwa nyuzi zetu hizihizi za kikristo, na kuna kijana wa bweni letu alikwenda darasani na kaptula. Nilimwombea.

Nikaambiwa nitafute koti. Dukani koti jipya bei yake ni ya mbuzi wawili na mchungaji wao juu. Mwenzangu mmoja akanipeleka kwenye duka la nguo zilizotumika. Wapendwa, nimepanda ndege tatu, nimevuka bahari, nimekuja kununua mtumba kwenye chimbuko lake! Tena mtumba wenyewe hauna raha. Nguo zimetundikwa kwa ukubwa na rangi, hakuna mtu juu ya meza anayepiga kelele "jero jero, mama chagua", hakuna hata wa kumwambia punguza. Unalipa unaondoka kama mwizi. Na wakati nipo kwenye foleni, binamu ananitumia ujumbe: usisahau kunitumia nguo za huko, zile ORIJINO.

Chumbani nako kuna jambo. Mwenzangu ninayeishi naye ni kijana mpole, hana neno, ila analala na feni. Nje theluji imefika magotini, ndani hita inaunguruma, na yeye kaelekeza feni ukutani kwa sababu hawezi kupata usingizi bila ule mlio. Kwa hiyo mimi nalala katikati ya misimu miwili. Naye ana yake ya kunilalamikia, nisimwonee. Sisi Walutheri si watu wa kelele, lakini wiki ya mitihani hata Mlutheri hupaza sauti. Usiku mmoja nilikuwa nimepiga magoti, naomba juu ya somo la takwimu, nalia kabisa. Nikashtuka mwenzangu kajiinua kitandani.
"Unagombana na nani?"
"Naongea na Baba."
"Pole. Msalimie."
Akalala.

Habari ya pesa ndiyo inayonimaliza. Nyumbani wanaamini dola zinaokotwa. Huku hakuna boom, ile posho ya mkopo wa wanafunzi, jamani. Huku mwanafunzi mgeni mwenye viza ya masomo kwa kawaida anaruhusiwa kufanya kazi ndani ya chuo tu, na muhula ukiwa unaendelea asizidishe saa 20 kwa wiki. Kazi yangu ni kuosha masufuria ya bwalo. Mimi, niliyeagwa kwa kwaya tatu na keki! Nikimwambia shangazi naosha vyombo anacheka, anasema mnyenyekevu huyu, hataki kutuambia cheo chake.

Na mama hajazielewa saa za huku. Yeye anapiga saa nne asubuhi, akiwa ametulia baada ya chai. Huku ni saa saba usiku, tena ya siku ileile ambayo yeye ameanza kuiishi na mimi sijailala. Jumapili ananipigia akiwa uani pa kanisa, ananiuliza, "Ulihubiriwa nini leo?" Namwambia mama, huku Jumapili ndiyo kwanza imeingia saa moja iliyopita. Ananyamaza kidogo, kisha: "Ina maana umechelewa ibada?"

Ibada yenyewe sasa. Kwetu ukienda kanisani umekwenda. Kwaya ya vijana, kwaya ya akina mama, kwaya ya uinjilisti, kwaya ya wageni waliopotea njia, matangazo nusu saa, halafu watu wote nje kwenye mnada wa sadaka. Huku ibada ni saa moja. Mchungaji anasema amina, natazama saa, dakika 58. Mara ya kwanza nilibaki nimekaa nikidhani ni mapumziko.

Ila nisiwe mchoyo wa shukrani. Jumapili ileile, nikiwa bado nimekaa, akaja bibi mmoja wa Kizungu, miaka 79, kavaa kitenge juu ya buti za theluji, akaniinamia na kusema, "Kamwene!"

Nilisahau Kiingereza chote. Salamu ya Kihehe, Minnesota, kutoka kwenye mdomo ule! Kumbe dayosisi yetu ya Iringa na sinodi ya Saint Paul wana urafiki wa miaka mingi, wameuita Bega kwa Bega, na bibi huyu alishafika Iringa mara mbili. Hakuwa na haja na habari zangu. Alitaka kunisimulia jogoo. Mtaa mmoja ulimzawadia jogoo mzima, hai, na akasafiri naye kwa muda wa saa tatu kwenye Land Cruiser kamkumbatia, jogoo akimtazama usoni muda wote. Aliniambia nimwite kwa jina lake la kwanza. Mtu wa umri huo nimwite jina kama tunacheza rede? Namwita Bibi. Amezoea.

Basi Bibi huyohuyo ndiye aliyenialika kwenye chakula cha usharika mwezi wa Januari, kila mtu kaja na sufuria lake. Kulikuwa na hotdish, ambayo ni nyama ya kusaga imezikwa chini ya supu nzito ya uyoga na kufunikwa vipande vya viazi. Inashibisha, sisemi neno. Lakini pembeni kulikuwa na jeli ya kijani inayotikisika, ndani yake wametia karoti zilizoparuzwa, na wanaiita saladi. Niliiombea baraka mara mbili.

Baada ya kula wakatangaza mnada. Moyo ukaruka. Mnada! Nikakunja mikono ya shati. Nikangoja mwenyekiti apande juu ya kiti na kuku. Hakuna aliyepanda. Watu wakainuka taratibu, wakawa wanazunguka meza kama wanaangalia maiti. Kila kitu kina karatasi, unaandika jina lako na bei, unaondoka. Kimyakimya. Sasa huo ni mnada au ni mtihani?

Nikaona karatasi moja: "Siku ya kuvua samaki, watu wawili." Mtu kaandika dola 20. Nikaandika 25, kwa kuchangamsha tu. Nikarudi, mtu kaweka 35. Hapo damu ya Kilolo ikachemka. Kwetu ukiona mzee kafikisha kuku elfu thelathini, unampandishia kwa uchokozi, naye lazima ajibu, akina mama wanapiga vigelegele, kuku anafika elfu hamsini na Bwana anatukuzwa. Nikaandika 40 na kupiga mstari chini. Nikageuka kumtafuta mpinzani wangu.

Kengele ikalia. Mnada umefungwa.

Dola 40 ni saa kadhaa za masufuria. Kwa shilingi ni karibu laki moja. Nikafanya lile tunalofanya nyumbani: nikamwendea mama wa hazina, nikamwambia kwa heshima kwamba namrudishia Bwana, inadiwe tena. Akanitazama kwa huruma. "Unarudisha? Kina kasoro?" Nikalipa.

Nilijifariji kwamba walau nitaingia kwenye boti. Jana asubuhi Bibi akaja kunichukua, maana watu wawili wenyewe ni mimi na yeye, na hata kibali cha kuvua alishanikatia. Tukaendesha mpaka barabara ikaisha. Bibi hakusimama. Nikaona ufukwe umepita, mti wa mwisho umepita, nikauliza kwa upole, "Bibi, hapa ni wapi?" Akasema, "Ziwani."

Wapendwa, Petro alipiga hatua chache juu ya maji akaanza kuzama, na yeye alikuwa anamwona Bwana kwa macho. Huyu bibi alikuwa anabadilisha gia. Ananieleza bila wasiwasi kwamba inchi nne za barafu zinatosha mtu kutembea, gari linataka unene zaidi, na ameshapima. Barafu ikalia chini yetu, kitu kama mbao ya zamani ikipasuka. "Hiyo ni dalili nzuri," akasema. Nilisali Baba Yetu kwa Kihehe, Kiswahili na Kiingereza, isije ikawa anayesikiliza zamu hiyo hajui mojawapo.

Akatoboa tundu kwa keekee kubwa, akanipa kiti cha kukunja na kijiti chenye kamba kifupi kama mwiko. Kwa muda wa saa tatu nilikaa nikilitazama tundu, na tundu likinitazama. Nilipata samaki mmoja, mdogo kiasi kwamba kwetu angeitwa kitoweo cha paka. Bibi akasema sheria inataka arudishwe. Nikamrudishia Bwana, na safari hii ikakubalika.

Hapo ndipo simu ikaita. Mama. Kwao ilikuwa tayari usiku.

"Shikamoo mama."
"Marahaba. Mbona unatetemeka? Uko wapi?"
"Niko juu ya ziwa."
"Kwenye boti?"
"Hapana mama. Kwenye kiti."

Kimya. Nikasikia anasogea pembeni na watu.

"Mwanangu, umeanza kunywa?"
"Hapana mama, maji yameganda, tumekuja na gari tukaliegesha..."
"Gari mmeliegesha juu ya ziwa."
"Ndiyo."
"Uko na nani?"
"Na Bibi."
"Bibi gani? Bibi zako wote wako huku, na mmoja ni marehemu! Hebu nipe huyo mtu niongee naye."

Nikampa simu Bibi. Akaishika kwa mikono miwili, akavuta pumzi, akapaza sauti ikavuma ziwa zima: "KAMWENE!"

Salio la mama liliisha kabla hajamaliza kusimuliwa habari za jogoo.