Rezini kwenye seti za zamani za ndege: wapi inalipa na wapi inakula muda tu

Ukifungua boksi la seti ya miaka ya 70, zile za plastiki za kuunganisha ndege ndogo ya mfano, mara nyingi bodi na mabawa viko poa tu, ila siti ya rubani ndo inakuvunja moyo, kibao bapa hakina mkanda wala mto, na matairi yamekaa kama vifungo vya koti. Hapo ndo tunagawanyika. Kuna wanaosema weka rezini, yaani vipande vya kumiminwa vinavyouzwa peke yake ili ubadilishie vile vya kwenye boksi, kuna wanaosema achana nayo kanunue seti mpya, na mi nishawahi kukaa pande zote mbili kwa hiyo najua hakuna upande unaoongea hewa.

Kwanza tuelewane rezini inashindia wapi. Plastiki ya kwenye seti inasukumwa ikiwa ya moto ndani ya kalibu ya chuma yenye pande mbili, na zile pande zikiachana kipande lazima kichomoke bila kukwama, kwa hiyo kitu chochote chenye uvungu au kilichojikunja kwa ndani fundi wa kalibu wa enzi zile alikuwa anakisawazisha tu, hana namna. Rezini inamiminwa kwenye kalibu ya silikoni, laini kama mpira, ukiivuta inapinda na kipande kinatoka na mikanda yake na mikunjo yake yote, hata vile vipini vya kuvuta vilivyo juu ya kichwa kwenye siti za kujirushia za Martin-Baker za ndege ya kivita ya Phantom vinatoka. Ila silikoni inachakaa haraka, unatoa vipande makumi kadhaa inaanza kuchanika, ndo maana vitu hivi vinatengenezwa kidogo kidogo na vinauzwa ghali, seti ya rezini ya chumba cha rubani peke yake inaweza kuzidi bei ya ndege nzima. Hoja ya bei naikubali kabisa.

Ila kwangu bei sio tatizo kubwa kuliko yote. Tatizo ni kuingiza. Chumba cha rubani cha rezini kina kuta zake, bodi ya plastiki nayo ina kuta zake nene za kizamani, ukiziweka pamoja bodi haifungi, kwa hiyo inabidi ukwangue plastiki kwa ndani, kidogo kidogo, unajaribishia bila gundi, unakwangua tena. Mi nilishakwangua ubavu wa ndege moja mpaka mwanga ukapita, na nilivyoziba kwa puti mistari ya paneli (ile inayoonyesha mabati yalipoungana) ya upande ule ikapotea yote. Halafu angalia maandishi ya kwenye pakiti, maana rezini iliyopimwa kwa seti ya kampuni ya Hasegawa haina lazima yoyote ya kuingia kwenye ya kampuni ya Monogram hata kama ni ndege ileile na skeli ileile. Na ukishahangaika wiki mbili, unafunga kioo, na kioo cha zamani ni kinene, humo ndani huoni kitu. Kwenye ndege ya kivita ya Spitfire ya skeli ya 1/72, yaani ndogo mara 72 kuliko halisi, ambayo bawa mpaka bawa ni kama sentimita 15 na nusu, tundu la rubani ni dogo kiasi kwamba ukibandika mikanda tu kwenye siti ya plastiki umemaliza.

Sasa wale wa "nunua mpya". Wana hoja nzito, kalibu za leo zina vipande vinavyoteleza kutoka pembeni, kwa hiyo seti mpya inakuja tayari na vitu ambavyo zamani ilikuwa lazima utafute rezini. Kama umbo la seti ya zamani lina kasoro, yaani pua imepinda au bawa ni nene kupita kiasi, hapo mi niko nao moja kwa moja, rezini haitibu umbo. Ila mpya sio lazima iwe ile unayoitaka wewe. Kampuni ya Tamiya walitoa Phantom (jina lake la kijeshi F-4) ya 1/48 mwaka 2021, nzuri sana, lakini walianza na toleo la F-4B la jeshi la majini, wakati Monogram ya 1979 ni F-4C/D ya jeshi la anga, yenye matairi mapana na bawa lililovimba kidogo juu yake ili yaingie. Huwezi kuibadilisha moja kuwa nyingine kwa rangi tu. Na umbo la ile Monogram bado linasimama vizuri, mistari yake imeinuka badala ya kuchimbwa, sawa, lakini ndege yenyewe ni ndege.

Kwa hiyo mi naangalia jicho linatua wapi. Siti, matairi, ekzosi (mdomo wa nyuma wa injini). Vitatu hivi vinaonekana bila kuchungulia, na vingi havihitaji ukwangue bodi. Ekzosi za rezini zinaua ule mstari wa kuunganishia wa katikati ambao msasa haufiki, na matairi yanakuja yamebonyea chini kidogo kana kwamba yamebeba uzito. Miguu ya ndege hapana, rezini ikibebeshwa mzigo muda mrefu inapinda, bora ya plastiki au ya chuma. Chumba kizima cha rubani naweka pale tu ambapo kioo ni kikubwa kweli, mfano ndege kubwa ya mabomu ya B-29 ya Monogram ya 1977, skeli ya 1/48, karibu sentimita 90 ya mabawa na pua yote ni vioo, hapo kila ulichoweka kinaonekana, na ile rezini nzito mbele inasaidia ndege isikalie mkia.

Na tafadhali, msumeno ukianza kukata kile kibonge cha rezini kilichobaki na kipande, lowesha maji na vaa barakoa, lile vumbi ni baya kwa mapafu. Gundi ya plastiki haishiki rezini maana inafanya kazi kwa kuyeyusha plastiki, tumia supa gluu au epoksi.

Phantom yangu ipo mezani sasa hivi, siti mbili na ekzosi mbili za rezini, basi. Midomo ya injini ya kuvuta hewa ukichungulia unaona bodi tupu mpaka nyuma, na ipo rezini ya kurekebisha hilo ila inataka ukate nusu ya tumbo. Ndege halisi zikiegeshwa zinafunikwa midomo kwa vifuniko vyekundu, nimekata viwili kwenye plastiki bapa, vimekaa vizuri.