Simu ya saa sita usiku
Mwandishi wa makala ninayoijibu hapa anasema kwa kuwa simu haziruhusiwi shuleni, mitandao ya kijamii haiwezi kuwa sababu kubwa ya wanafunzi wa sekondari kufeli. Sikubaliani naye. Nafundisha hisabati kidato cha tatu katika shule ya kutwa, na simu ninayoihofia ni ile ya saa sita usiku nyumbani. Mtoto anachukua simu ya mama akishalala, anajiunga kifurushi cha usiku kwa kuwa ni bei nafuu, anaangalia TikTok mpaka saa nane. Asubuhi yuko mbele yangu, macho mekundu, aljebra inampita hivihivi. Niliwauliza mmoja mmoja, bila fimbo wala kuita mzazi, wakanieleza wenyewe. Lakini haohao wakati wa likizo hutumiana mitihani ya taifa (NECTA) ya miaka ya nyuma kwenye kundi la WhatsApp na kusahihishana, na hilo sitaki kuwanyang'anya, maana vitabu vyetu havitoshi. Kinachoniuma ni usingizi wanaoupoteza. Wazazi wenzangu mnaosoma hapa, usiku simu yako inalala wapi?