Leaf ya mtumba: betri ya Nairobi si betri ya Dar

Tangazo la gari la umeme la Nissan Leaf ya mwaka 2018 kutoka Japani huandika kilomita 400 kwa chaji moja. Namba hiyo haikubuniwa, ilitoka kwenye kipimo cha Kijapani cha JC08. Kipimo cha Marekani kiliipa Leaf hiyohiyo ya uniti 40 kilomita 243, na hicho ndicho kinachokaribia barabara zetu, tena betri ikiwa mpya. Uniti hapa ni ileile ya LUKU, yaani kilowati-saa moja.

Fanya hesabu mwenyewe kabla ya kutuma pesa. Kati ya uniti 40, zinazotumika kweli ni 37 au 38. Betri ikiwa imebaki na afya ya 80%, yaani 80% ya uwezo iliokuwa nao ikiwa mpya, unazo 30. Acha akiba ya 10% usije ukakwama njiani, zinabaki 27. Mjini Leaf hula uniti 14 hadi 15 kwa kilomita 100, kwa hiyo utatembea kama kilomita 185. Barabara kuu kwa kasi ya 100 hula 18 hadi 20, zinabaki kilomita 140 hivi. Dar hadi Morogoro ni takribani 190. Hufiki. Lakini anayetoka Tegeta kwenda Posta na kurudi hatumii zaidi ya kilomita 50 kwa siku, na huyo anaweza kuchaji kila baada ya siku tatu.

AC nayo ina hesabu yake. Jua likiwaka hula kama uniti moja kila saa, gari litembee lisitembee. Ukienda kasi ya 80, hiyo ni uniti moja na robo kwa kilomita 100, huihisi. Kwenye foleni ya Ubungo, mwendo wa wastani ukiwa 20, inakuwa uniti 5 kwa kilomita hizohizo: theluthi nzima juu ya matumizi ya kawaida.

Tatizo kubwa zaidi ni uzee wa betri. Leaf haina mfumo wa kupoza betri, si wa maji wala wa feni. Seli, yaani betri ndogondogo zinazounda betri nzima, zimefungwa kwenye sanduku chini ya sakafu na joto hutoka lenyewe, polepole. Mwaka 2012 wenye Leaf za mwanzo huko Phoenix, Arizona, walianza kulalamika kwamba umbali unapungua kabla gari halijafikisha hata miaka miwili. Nissan ikabadilisha kemia ya betri kwenye toleo la 2015 ili ivumilie joto zaidi. Ilisaidia, ila haikuondoa tatizo.

Ndani ya seli, juu ya anodi (upande wa hasi) ya grafaiti, huota utando mwembamba. Utando huo hukua kwa kumeza lithiamu ileile inayobeba chaji, na lithiamu iliyonaswa hairudi tena kazini. Joto huuharakisha, na chaji iliyojaa huongeza. Kwa hiyo gari lililojazwa 100% usiku, likaegeshwa juani Kariakoo hadi jioni, linachakaa likiwa limesimama.

Ndiyo maana swali la kama Leaf ya mtumba inafaa halina jibu moja. Nairobi iko kwenye mwinuko wa kama mita 1,700, wastani wa joto ni nyuzi 19 hivi, na usiku betri inapoa. Huko Leaf ya uniti 40 ni ununuzi mzuri, mradi ukumbuke vilima: kupanda mita 600 na abiria ndani, kama unaporudi kutoka Naivasha, kunakula zaidi ya uniti 3, yaani karibu kilomita 20 za mjini. Dar, Tanga na Mombasa wastani ni nyuzi 26 au zaidi, na usiku haupozi kitu. Pwani, naona inafaa tu kama safari zako za siku hazifiki nusu ya umbali ambao gari linaweza leo. Kenya hairuhusu kuingiza gari lenye zaidi ya miaka 8. Tanzania yale ya zamani ya uniti 24 bado yanaingia, na kwa bahati mbaya ndiyo ya bei rahisi na ndiyo yasiyovumilia joto la pwani.

Wanaosema uachane na Leaf ununue gari jipya la Kichina wana hoja nzito. BYD Dolphin hutumia betri ya LFP (lithiamu, chuma na fosfeti), kemia inayostahimili mizunguko mingi zaidi ya kuchaji, na huipoza kwa gesi ya AC. Pwani tofauti hiyo ni kubwa. Ila LFP ni nzito kwa uniti zilezile, na volti yake haishuki sana chaji inapopungua, hivyo kompyuta hupoteza hesabu usipoijaza 100% mara kwa mara. Gari lililotengenezwa kwa soko la China huja na plagi ya GB/T, ya kiwango cha China. Uliza kwanza kama chaja za mji wako zinayo. Na seli za Blade, ndizo za betri ya BYD, zimebandikwa kwa gundi ndani ya sanduku, wakati betri ya Leaf ya uniti 24 ina moduli 48 (vifurushi vya seli) ambazo fundi aliyezoea umeme wa volti karibu 400 anaweza kubadili moja moja.

Ukiamua kuchukua Leaf, usiamini baa 12 za dashibodi zinazoonyesha afya ya betri. Ya kwanza huanguka betri ikishapoteza kama 15%, kwa hiyo gari lenye baa zote linaweza kuwa na afya ya 99% au 86%. Wapo pia wanaofuta kumbukumbu ya kompyuta ya betri ili baa zirudi zote. Baada ya wiki chache zinaanza kuanguka tena. Chomeka kifaa cha OBD2 cha bluetooth, kile kinachosoma kompyuta ya gari, fungua programu ya Leaf Spy, endesha hadi chaji ishuke chini ya 20%, kisha tazama jozi 96 za seli. Tofauti ya milivolti 20 au 30 kati ya jozi ya juu na ya chini ni kawaida. Ikiruka juu ya 100 unapokanyaga mafuta, kuna seli dhaifu, na gari litazima kabla ya sifuri.

Nyumbani, chaji hadi 80% usiku wa manane, gari likishapoa. Soketi ya kawaida kwa ampea 10 hutoa kilowati 2.3; kutoka 20% hadi 80% ya betri yenye afya nzuri ni saa 10 hadi 12. Soketi ya zamani haikutengenezwa kwa mzigo huo mfululizo, na ekstensheni ndiyo kabisa. Vuta waya wake peke yake kutoka kwenye boksi la umeme, wenye swichi yake. Baada ya saa moja ya kwanza shika plagi: ikiwa ya moto hata mkono hauvumilii, zima na ubadilishe soketi kabla ya usiku unaofuata.