Kupunguza Wanga ni Dawa, na Kila Dawa Ina Kipimo Chake

Usiku wa nne baada ya kuacha mkate na wali niliamka nimelowa jasho, mikono ikitetemeka kiasi kwamba nilikuja kufaulu kuingiza kijiti kwenye mashine ya kupimia sukari katika jaribio la tatu. Ilisoma 3.1 (milimoli kwa lita), chini mno. Baada ya miaka sita ya kupambana na sukari ya 11 na 12, kwa sekunde chache nilitaka kufurahi. Nilikunywa nusu glasi ya juisi, nikaketi kitandani robo saa, kisha nikapima tena. Kosa lilikuwa langu: nilikuwa nimepunguza wanga kwa zaidi ya nusu bila kumwarifu daktari wangu, huku nikiendelea kumeza glibenklamidi, kidonge kinacholilazimisha kongosho kutoa insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, kwa dozi ile ile ya asubuhi na jioni.

Ninaanza na usiku huo kwa sababu wanaousifu mlo wenye wanga kidogo na wanaoubeza wote hulipita jambo hili kimya kimya. Maoni yangu ni kwamba mlo huo unafanya kazi, na kwa kuwa unafanya kazi ni lazima ushughulikiwe kama dawa: upangiwe kiasi, ufuatiliwe kwa vipimo, na dawa nyingine zirekebishwe kabla ya kuuanza. Anayetumia insulini, au vidonge vinavyolilazimisha kongosho kutoa insulini, anaweza kushukiwa na sukari hadi apoteze fahamu. Anayetumia vidonge vinavyotoa sukari kwa njia ya mkojo, kama dapagliflozini, yumo katika hatari nyingine iliyojificha zaidi, kwani damu yake inaweza kujaa asidi ilhali mashine inaonyesha sukari ya kawaida. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza haachi insulini kwa hali yoyote, ale wanga au asile.

Nguvu ya mlo huu haina muujiza. Wanga ndio sehemu ya chakula inayopandisha sukari ya damu kuliko protini na mafuta, na mwili uliokwisha kuwa sugu kwa insulini hauwezi kuupokea kwa wingi bila kuelemewa. Niliyathibitisha haya kwa kidole changu mwenyewe. Saa mbili baada ya vipande viwili vya mkate na chai yenye sukari, mashine ilisoma 12.8, kesho yake, baada ya mayai mawili na bakuli la mboga za majani, ilisoma 7.2. Mwaka 2019 Chama cha Kisukari cha Marekani kiliandika kwamba, miongoni mwa mbinu za lishe, kupunguza wanga kwa jumla ndiko kwenye ushahidi mwingi zaidi wa kuboresha sukari ya damu. Nakiri kwamba zile namba mbili zilinishawishi zaidi.

Kuhusu uzito, hata hivyo, wapenzi wa mlo huu hutia chumvi. Nilipungua kilo tatu katika wiki ya kwanza na nikajiona shujaa, kumbe sehemu kubwa ilikuwa maji: mwili huhifadhi wanga kwa umbo la glikojeni, na kila gramu ya glikojeni hushikilia takriban gramu tatu za maji, kwa hiyo akiba hiyo ikitumika maji nayo huondoka. Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Marekani uliowafuatilia watu wazima 609 kwa miezi 12. Waliopunguza mafuta walipungua kwa wastani wa kilo 5.3, na waliopunguza wanga kilo 6.0, tofauti ambayo watafiti hawakuiona kuwa ya maana.

Lililonikomesha kabisa ubishi ni utafiti wa DiRECT wa Uingereza. Wagonjwa wa kisukari cha aina ya pili waliishi kwa miezi kadhaa kwa vinywaji maalumu vyenye kalori zipatazo 850 kwa siku, na baada ya mwaka mmoja asilimia 46 yao walikuwa na sukari iliyo chini ya kiwango cha kisukari bila dawa. Miongoni mwa waliopungua kilo 15 au zaidi, asilimia hiyo ilifika 86. Zaidi ya nusu ya kalori za vinywaji hivyo zilitokana na wanga! Ilikuwa ni mafuta yaliyorundikana kwenye ini na kongosho yaliyopaswa kuondoka, na njia za kuyaondoa ni zaidi ya moja. Kwangu mimi kupunguza wanga kunafaa kwa sababu mayai, samaki na maharagwe hunishibisha mpaka mchana, nikajikuta nimekula kidogo bila kuhesabu chochote. Mwingine atashiba kwa njia nyingine.

Ndiyo maana siwashauri watu kuanza na gramu 20 au 50 za wanga kwa siku, kiwango ambacho wengi hukishika miezi miwili na kukitupa. Mimi, baada ya usiku ule, nilianza upya na kushuka taratibu hadi chini kidogo ya gramu 130, na hapo ndipo nilipo. Wajawazito na wenye maradhi ya figo wasijaribu hata hicho bila daktari.

Nilipomweleza daktari wangu yaliyotokea usiku ule, hakunigombeza. Alifuta glibenklamidi, akaniachia metformini ambayo ikitumika peke yake ni nadra kushusha sukari kupita kiasi, na akataka daftari la vipimo vya wiki mbili, asubuhi kabla ya kula na saa mbili baada ya kila mlo. HbA1c yangu, ile inayoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu, imeshuka kutoka asilimia 8.9 hadi 6.8. Kwa kipimo hicho kisukari huanzia asilimia 6.5, kwa hiyo bado ninacho, na kipimo kinachofuata ni baada ya miezi mitatu.