Malisho ya Karamoja: Tulaumu Ng'ombe au Tusome Mteremko?

Kila kiangazi, kati ya Novemba na Machi, picha za uwanda mtupu wa Karamoja, kaskazini-mashariki mwa Uganda, huzua mabishano yale yale. Wapo wanaosema mifugo imezidi, nyasi zimekwisha, na miiba imeshika nafasi yake. Wengine wanajibu kwamba ardhi ndivyo ilivyo: milimita 500 hadi 800 za mvua kwa mwaka, tena za msimu mmoja, haziwezi kuvisha kila mahali. Wote wana hoja. Kinachokosekana ni swali la awali kabisa: picha ilipigwa sehemu gani ya mteremko?

Ukishuka kutoka milima ya Moroto, Napak au Kadam, juu unakuta mawe na udongo mwembamba, chini ya mlima kichanga chekundu, na bondeni udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaonata kwenye viatu masika na kupasuka kiangazi. Mpangilio wa aina hii, unaojirudia kilima hadi kilima, Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyefanya kazi Amani, Tanganyika, aliuita katena mwaka 1935.

Chukua mvua moja ya milimita 20. Kichanga kikavu kinachoshika maji kiasi cha asilimia 10 ya ujazo wake kitalowa hadi sentimita 20 kwenda chini. Mfinyanzi unaohitaji asilimia 40 utalowa sentimita 5 tu, na jua la siku chache linayarudisha maji hayo angani. Kwa hiyo mvua haba za mwanzo wa msimu humfaa zaidi aliye kwenye kichanga, ingawa mfinyanzi ukishashiba huweka akiba kubwa zaidi. Kweli, maji ya kwanza huteremka kwenye nyufa, lakini udongo ukivimba nyufa hufunga, maji hutuama juu na mizizi hukosa hewa. Kiangazi nyufa hurudi na kukata mizizi ile ile. Miti michache huvumilia hali hiyo, hasa migunga mifupi yenye vinundu vya sisimizi. Uwanda mweusi usio na miti, basi, si ushahidi kwamba kuna aliyeikata.

Wanaosema shida ni maji, si mifugo, hupenda kutaja Hifadhi ya Kidepo, iliyotangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1962. Bonde la Narus lina nyasi ndefu na mivungunya. Bonde la Kidepo ni kavu zaidi. Lakini mfano huo una kasoro: Narus hupata takriban milimita 890 za mvua, Kidepo kama 635, kwa hiyo tofauti yao si ya ardhi peke yake. Ushahidi mzito zaidi uko ndani ya bonde hilo kavu. Mivumo mirefu imejipanga kando ya mto wa mchanga usio na maji juu kwa sehemu kubwa ya mwaka. Mvua ya hapo na ya mita mia kadhaa pembeni ni ile ile. Kilichotofautiana ni maji yaliyofichika chini ya mchanga.

Hata hivyo, wanaolaumu mifugo hawajakosea. Nyasi zikiliwa hadi ardhini, matone hupiga udongo mtupu, chembe laini huziba vitundu, na juu hujengeka ukoko mgumu. Hapo mvua hukimbilia korongoni, na mteremko uliokuwa na haki ya kulowa sentimita 20 hupata nusu yake au chini ya hapo. Nyasi zikipungua, moto nao hukosa kuni, na miche ya migunga hupita kimo cha miali ikawa vichaka.

Utafiti wa maeneo 854 ya savana za Afrika uliochapishwa mwaka 2005 unasaidia kupanga hoja hizi. Chini ya takriban milimita 650 kwa mwaka, mvua ndiyo inayoweka kikomo cha miti. Juu ya hapo miti ingeweza kufunga uwanda wote, isipokuwa moto na wanyama huizuia. Karamoja imekaa pande zote mbili za mstari huo: Abim na Namalu upande wenye mvua, nyanda za mashariki kuelekea Kenya upande mkavu. Sera moja ya malisho kwa eneo zima ni kazi ya mezani.

Kwa maoni yangu mteremko huamua maji yaende wapi, na mifugo huamua kama yataingia. Hilo linapimika. Chagua vipande viwili vya kimo kimoja kwenye mteremko mmoja, kimoja kimezungushiwa ua. Lowesha udongo, ubane kati ya kidole gumba na cha shahada utoke kama utepe: ukikatika kabla ya sentimita 2.5, mfinyanzi ni kidogo. Ukipita 5, ni mzito. Vikilingana, subiri siku moja baada ya mvua nzuri, chimba mashimo matano kila upande, upime unyevu umefika wapi. Penye ua pakilowa zaidi, tatizo ni ukoko. Kina kikiwa kimoja, ng'ombe wana utetezi.

Kosa la kawaida ni kuweka ua bondeni na kuulinganisha na malisho ya juu. Jingine ni kuchimba karibu na kichuguu, ambako maji hupenya tofauti. Picha za setilaiti za Januari nazo hudanganya, kwani kijani chake ni cha miti, nyasi zikiwa zimekauka. Na miongozo ya nchi za mbali inayotenganisha mteremko wa kaskazini na wa kusini haina uzito mkubwa hapa, karibu na ikweta, jua likiwa karibu utosini.

Mabwawa ya mifugo huchimbwa kwenye mfinyanzi kwa sababu haupitishi maji. Lakini huo ndio udongo unaoshindiliwa vibaya zaidi ukikanyagwa ungali umelowa. Bwawa libaki bondeni, likiwa na ua. Maji yavutwe kwa bomba hadi birika lililo kwenye changarawe, na makundi yaingie mbuga nyeusi baada ya udongo kukauka juu.