Shelisheli si chakula cha njaa

Ahsanteni kwa habari ya mwalimu wa mapishi huko Micheweni, Pemba, anayewafundisha vijana kupikia vya shambani kwao: muhogo, majimbi, nazi, na shelisheli, lile tunda kubwa la mti linalopikwa kama muhogo. Mimi mtu wa Wete na imenigusa sana. Siku hizi kila shughuli ni pilau na biriani kwa mchele wa meli, na anayepika majimbi anaonekana hana kitu. Inaniuma.

Shelisheli lataka mkono. Marehemu bibi alikuwa akijipaka mafuta ya nazi viganjani kabla ya kulimenya, kwa sababu ya ule utomvu mweupe unaong'ang'ania. Akitoa moyo, akikata vipande vinene, akivichemsha kwa tui la kupopoo, lile jepesi la mkamuo wa pili, mpaka vilainike. Kasimile, lile tui zito la mkamuo wa kwanza, mwisho kabisa, moto mdogo, asiache kukoroga, tui lisije likakatika. Pilipili mbuzi moja nzima juu, isipasuke. Basi. Mwalimu kwenye habari ametia kasimile tangu mwanzo. Hapo sikubaliani naye.

Ila Mungu ampe nguvu. Mwalimu, ukija Wete karibu kwetu, mshelisheli wa uani umezaa mpaka matawi yameinama.